Mstari Mmoja Kila Jioni

MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA

 

Mwezi huu sitazungumza juu ya mbolea. Sitazungumza juu ya kupanda kwa mistari wala juu ya kukausha mahindi. Nataka tuzungumze juu ya kifaa ambacho wengi wetu tunacho nyumbani, lakini hatukitumii. Kifaa hicho ni daftari.

Wengine mtauliza, "Je, daftari na kilimo vina uhusiano gani? Daftari si la watoto wa shule?" Hapana, ndugu zangu. Daftari ni la kila mtu mwenye shamba, mwenye kuku, mwenye deni au mwenye kudai. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeyaona hayo kwa macho yangu. Tena aliyekosa ni mimi mwenyewe. Nitawaeleza.

Kosa langu

Miaka mingi iliyopita nilikuwa kijana kazini. Nilikuwa na cheti changu cha kilimo, nami nilipangiwa kazi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Morogoro. Tulikuwa na shamba darasa la nusu ekari. Tulipanda mbegu mbili za mahindi. Upande wa mwembeni tulipanda mbegu moja, na upande wa barabarani tulipanda nyingine. Mbegu hizo zilikuwa Situka na Staha. Tuliweka vibao vyenye majina.

Mwaka ule masika yalikatika mapema. Upande wa barabarani mahindi yalinyauka kabla ya kujaza punje. Upande wa mwembeni yalikuwa yamekwisha kukomaa. Wanakijiji wote waliona tofauti hiyo. Walifurahi, nami nilifurahi.

Lakini sikuandika mahali popote. Vibao vililiwa na mchwa. Pakiti za mbegu zilitupwa. Mimi niliamini kwamba nitakumbuka.

Msimu uliofuata alinijia mama mmoja. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na kitu. Alikuwa anasoma darasa la kisomo pale shuleni, mwaka wake wa kwanza.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nataka kwenda mjini kununua mbegu. Ile ya mwembeni inaitwaje?"

Nilifikiri kidogo. Majina yote mawili yanaanza kwa herufi S. Niliona aibu kusema kwamba sikumbuki. Nikamjibu, "Ni Staha, mama."

Ndugu wasomaji, haikuwa Staha. Ilikuwa Situka. Staha si mbegu mbaya. Ni mbegu nzuri mahali pake, mvua ikiwa ya kutosha. Lakini Situka hukomaa mapema kuliko Staha, na mama yule alitaka mbegu ya kukomaa mapema. Aliniamini, kwa sababu mimi nilikuwa bwana shamba mwenye cheti.

Alipanda ekari moja. Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, mvua ikakatika tena. Mama alivuna magunia mawili. Jirani yake alikuwa amehifadhi pakiti ya mbegu ya mwembeni juu ya dari yake. Yeye alinunua mbegu yenyewe na kuvuna magunia manane.

Mama alikuja ofisini kwangu. Mkononi alikuwa na ile pakiti ya jirani. Hakugombana nami. Aliiweka mezani na kusema, "Bwana Shamba, jina si lile ulilonipa. Sasa mimi nimejifunza kusoma. Nimelisoma mwenyewe."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi. Lakini radhi haijazi ghala. Mwaka ule mama aliuza mbuzi wake wawili ili kununua chakula.

Jioni ile nilinunua daftari. Mpaka leo sijaacha kuandika.

Kichwa husahau

Tusidanganyane. Kila mtu husahau. Hatusahau kwa sababu sisi ni wajinga. Tunasahau kwa sababu siku ni nyingi na mambo ni mengi.

Jiulize maswali haya. Msimu uliopita ulipanda tarehe ngapi? Mvua ya kwanza ilinyesha lini? Ulitumia fedha kiasi gani kwa palizi? Kuku wako alianza kulalia mayai siku gani? Nani alikukopa debe la mahindi, naye aliahidi kulipa lini?

Ukiweza kuyajibu yote bila kukosea, nakupa hongera. Lakini najua kwamba wengi hatuwezi. Tunasema "kama mwezi wa tatu hivi", au "kama elfu ishirini hivi". Hiyo "kama" na hiyo "hivi" ndizo zinazotupotezea mali.

Mstari mmoja tu

Nikiwaambia wakulima waandike kila siku, wengi huogopa. Husema kazi ni nyingi na jioni wamechoka. Wengine huanza vizuri sana. Siku ya kwanza huandika ukurasa mzima. Siku ya pili huandika nusu ukurasa. Siku ya tano daftari linakuwa karatasi ya kuwashia moto.

Kosa lao ni moja. Wameanza na mzigo mkubwa. Mtu anayeanza kubeba mizigo haanzi na gunia. Basi na wewe usianze na ukurasa. Anza na mstari mmoja. Mstari mmoja hauchukui dakika tano. Hata ukiwa umechoka, unaweza kuandika mstari mmoja.

Andika mambo manne tu:

1. Tarehe.
2. Hali ya hewa: mvua, jua au mawingu.
3. Kazi au jambo kubwa la siku hiyo.
4. Fedha iliyoingia au iliyotoka, kama ipo.

Basi. Siku ikiwa haina jambo, andika tarehe na neno "Jua" au "Mvua". Hata neno hilo moja litakusaidia. Mwisho wa msimu utajua mvua ilinyesha siku ngapi.

Namna ya kujenga mazoea

Kuandika kila siku ni mazoea, kama kupiga mswaki. Mazoea hayaji kwa siku moja. Hujengwa polepole. Fuata njia hizi.

Kwanza, chagua wakati mmoja. Usiseme "nitaandika nikipata nafasi." Nafasi haiji. Funga kazi hii kwenye jambo unalolifanya kila siku. Mimi huandika baada ya chakula cha jioni, nikishanawa mikono. Mkulima mwingine ninayemfahamu huandika baada ya kufunga kuku bandani. Akifunga mlango wa banda, anajua kwamba sasa ni zamu ya daftari.

Pili, weka daftari mahali pamoja. Likiwa leo kitandani na kesho chini ya meza, hutaliona. Toboa tundu kwenye pembe ya daftari, pitisha uzi, kisha ufunge kalamu hapo. Litundike ukutani kwenye msumari, mbali na watoto wadogo na mbali na paa linalovuja.

Tatu, usitafute daftari la fahari. Mtoto akimaliza mwaka wa shule, daftari lake mara nyingi lina kurasa tupu. Hizo zinakutosha kuanzia. Simu nayo ni nzuri kwa kuona tarehe. Lakini simu huisha chaji, huharibika, na huibwa. Daftari halina chaji, wala mwizi hana haja nalo.

Nne, usiogope makosa. Hakuna mwalimu atakayelisahihisha daftari lako. Ukikosea herufi, endelea. Ukishindwa kuandika neno, chora alama. Chora jua, chora jembe, chora kuku. La muhimu ni wewe mwenyewe uelewe ulichoandika.

Tano, ukiruka siku moja usivunjike moyo. Siku hupita. Kuna msiba, kuna ugonjwa, kuna safari. Usijaribu kuzijaza siku zote ulizoziruka. Andika ya leo, uendelee. Lakini jitahidi usiruke siku mbili mfululizo. Palizi ukiichelewesha siku moja, unaweza kuiwahi. Ukiichelewesha wiki, majani yanashinda.

Sita, soma ulichoandika. Kila Jumapili, au siku yoyote mnayopumzika, fungua daftari na usome wiki yote. Msome pamoja, mume na mke, na watoto wakubwa wasikie. Daftari la shamba si siri ya mtu mmoja.

Wiki moja katika daftari

Hebu tutazame mfano. Huu ni mfano wa wiki moja ya mwezi Machi mwaka 2024:

Jumatatu, 4 Machi. Mvua usiku. Tumepanda Situka shamba la mtoni, ekari 1.
Jumanne, 5 Machi. Jua. Nimeuza mayai 12, nimepata sh. 4,800.
Jumatano, 6 Machi. Jua. Mtoto anaumwa. Zahanati, sh. 6,000.
Alhamisi, 7 Machi. Mvua kidogo. Mbuzi mweusi amepandwa.
Ijumaa, 8 Machi. Jua. Msiba kwa jirani. Rambirambi sh. 2,000.
Jumamosi, 9 Machi. Mvua kubwa. Hatukwenda shamba.
Jumapili, 10 Machi. Mawingu. Mahindi yameanza kuota.

Mistari hii ni saba tu. Lakini hebu tuone inatuambia nini.

Inatuambia jina la mbegu na siku ya kupanda. Mkulima huyu hatamuuliza bwana shamba mwakani. Atafungua daftari.

Inatuambia juu ya mbuzi. Mimba ya mbuzi ni siku kama 150, yaani miezi mitano. Basi mbuzi huyu atazaa karibu na tarehe 4 Agosti. Mwenye mbuzi ataandaa mahali pakavu mapema. Hatamwacha mbuzi aende mbali malishoni siku zile akazalie porini. Mwenye ng'ombe ahesabu siku kama 283, yaani miezi tisa na siku kama kumi. Mwenye nguruwe ahesabu siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Mwenye kuku ahesabu siku 21 tangu kuku alipoanza kulalia mayai.

Inatuambia juu ya fedha pia. Wiki hii zimeingia sh. 4,800. Zimetoka sh. 8,000. Kwa hiyo zimepungua sh. 3,200. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekunywa pombe. Mtoto aliumwa, na jirani alifiwa. Ndugu zangu, ni nyumba ngapi zina ugomvi kwa sababu ya fedha ambazo hazikuibwa na mtu? Mume anamtazama mke vibaya, na mke anamtazama mume vibaya. Kumbe fedha zilikwenda kwa haki, ila hapakuwa na maandishi.

Dawa na madeni

Kuna mambo mawili ambayo nawasihi msiyaache kamwe kuyaandika.

La kwanza ni dawa. Mwaka 2017 adui mpya wa mahindi alionekana nchini Tanzania, naye ni viwavijeshi vamizi. Tangu hapo wakulima wengi wanapiga dawa. Ukipiga dawa, andika jina la dawa, tarehe na shamba ulilopiga. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Siku hizo zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Kama hukuandika tarehe ya kupiga, utahesabu kutoka wapi? Unaweza kula sumu na kuwalisha watoto wako sumu. Tena, ukitumia dawa ya aina ileile kila mara, wadudu huizoea. Daftari litakukumbusha dawa uliyotumia mara iliyopita, ili umwulize afisa ugani juu ya kubadilisha.

Ni hivyohivyo kwa ng'ombe na mbuzi wa maziwa. Mnyama akipigwa sindano, mwulize mganga wa mifugo maziwa yasinywewe kwa siku ngapi. Andika jibu lake palepale.

La pili ni deni. Jirani akikukopa debe la mahindi, andika mbele yake. Msomee ulichoandika, naye akubali. Wewe ukikopa, andika vilevile. Wengine huona ni kama kumtilia jirani mashaka. Sivyo. Maandishi hulinda ujirani. Watu wawili wema wanaweza kukumbuka deni moja kwa namna mbili, na kila mmoja akaamini kwamba mwenzake ni mwongo.

Mkono usioandika husahau

Kuna faida nyingine, nayo inawahusu hasa ninyi mliomaliza darasa la kisomo juzi na jana.

Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 wa Tanzania, waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama 33 tu. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miti, mashuleni na majumbani. Kufika mwaka 1986, waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama 90 kati ya kila watu 100. Hiyo ilikuwa kazi kubwa ya wazee wetu.

Lakini nimekutana na wazee waliopata vyeti vya kisomo miaka ile, na leo hawawezi kuandika majina yao. Wanaweka dole gumba. Nimewauliza sababu. Wanasema, "Mwanangu, baada ya darasa hatukuwa na kitu cha kuandika." Jembe lisilolima hushika kutu. Na mkono usioandika husahau herufi.

Wewe una kitu cha kuandika. Una shamba lako, mifugo yako na siku zako. Mtu anayeandika mstari mmoja kila jioni anaandika mistari 365 kwa mwaka. Huyo hawezi kusahau kusoma.

Daftari la mama

Sasa nimalizie habari ya mama yule wa mbegu.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Amezeeka, lakini bado analima. Tulikuwa tunazungumza juu ya viwavijeshi. Mimi nilisema, "Mama, hapa kwako mwaka ule walianza mahindi yakiwa na wiki tano."

Mama alicheka. "Mwanangu, umeanza tena?" Akamtuma mjukuu wake ndani. Mjukuu akaleta madaftari, yamefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Mama akavaa miwani, akafungua, akanionyesha. Walianza siku ya 16 baada ya kupanda. Alikuwa ameandika. Nilinyamaza.

Nikamwomba anionyeshe daftari la kwanza kabisa. Lilikuwa limechakaa na kurasa zake zimekuwa za njano. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, nyingine zimeandikwa kinyume. Mstari wa kwanza ulisema hivi: "Leo nimeuza mbuzi wawili. Nimenunua mahindi debe 6."

Niliusoma mara mbili. Jina langu halikuwamo. Mama hakunilaumu hata ndani ya daftari lake mwenyewe.

Nilimwuliza, "Mama, kwa nini ulianza siku ile?"

Akajibu, "Niliona kwamba wewe umesoma, nawe ulisahau. Basi mimi je?"

Ndugu msomaji, leo jioni, ukishakula na kunawa mikono, tafuta kalamu. Andika tarehe. Andika kama leo kulikuwa na mvua au jua. Andika kazi uliyoifanya. Halafu funga daftari ukalale. Kesho jioni fanya hivyo tena.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitawaeleza namna ya kutumia kopo tupu na rula ya shule kupima mvua. Hapo mtaweza kuandika zaidi ya neno "Mvua". Mtaandika na kiasi chake.

Kazi njema.

Maswali ya kujadili darasani au nyumbani

1. Kwa nini Bwana Shamba alimpa mama jina la mbegu isiyo yake? Ingekuwa wewe, ungesema nini?
2. Taja mambo manne ya kuandika kila jioni.
3. Mbuzi wako amepandwa leo. Hesabu siku 150 kwa kutumia kalenda. Atazaa karibu na tarehe gani?
4. Je, ni vizuri kuandika deni la ndugu au jirani? Toeni sababu.
5. Zoezi: Andika mstari mmoja kila jioni kwa siku saba. Siku ya nane, msomee mtu mmoja wa nyumbani kwako.